Kompyuta Mbili za Sengi Wilhelmina

Nikipita mtaa wa Somanda siku hizi nikiliona duka la vipodozi, namkumbuka sengi, shangazi yangu Wilhelmina. Hapo ndipo alipofungua duka la intaneti mwaka 2005, baada ya kuacha ualimu. Kompyuta mbili tu. Ukurasa ulishuka taratibu, mstari kwa mstari, nasi tukipiga soga. Umeme ukikatika tunacheka, tunaenda kununua karanga.

Asubuhi moja aliingia mzee Bujiku, mfugaji. Ndama wake walikuwa wanakufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, naye alikuwa amesikia kompyuta inajua dawa.

Sengi akatafuta, akamsomea kwa Kiswahili: dawa ya maji, dozi moja, ndama anasimama.

"Niagizie hiyo hiyo!"

"Ngoja kwanza, baba. Nani kaandika haya?"

"Si kompyuta?"

"Kaandika mtu. Na mtu mwenyewe ndiye anayeiuza."

Akafungua ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Bujiku alifurahi kuona zote zinakubaliana. Lakini sengi akamwonyesha maneno yale yale, hadi makosa ya herufi. Alikuwa ni mtu mmoja, kajisifu mara tatu.

"Ndama wangu wanakufa, wewe unanifundisha shule!" Bujiku akafoka, akainuka. Mlangoni akageuka, akarudi, akaisogelea picha ya ndama kwenye kompyuta. "Wanasema huyu kaponea Tanzania. Mbona hana nundu? Huyu si wa kwetu."

Sengi alifunga duka saa ile ile, wakaenda pamoja kwa bwana mifugo. Baadhi ya ndama walikufa kwa kuchelewa kupata dawa, akiwemo jike mwekundu ambaye Bujiku alimpenda sana. Nilimwona mzee akilia. Waliobaki walipona.

Tangu hapo kila siku ya mnada Bujiku alikuja, akisalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, mwalimu! Nifungulie habari tuzichambue." Ulikuwa wakati wa wanunuzi binafsi wa pamba, kila mmoja na maneno yake kuhusu bei, na wawili hao walibishana: nani kasema, kaona mwenyewe au kasikia, ni ya mwaka huu au ya zamani? Wakulima wakawa wanasimama dirishani kuwasikiliza.

Kisha simu zenye intaneti zikaja, wateja wakapungua, sengi akahamia Nyalikungu kwa binti yake. Siku ya kuhama Bujiku alikuja kutusaidia kubeba meza. Alipoipandisha garini alibaki ameishika.

"Sasa mimi nitabishana na nani?" akauliza.

Sengi alicheka, kisha akajifuta macho kwa upande wa kitenge.