Mitetea Wangu Kwenye Eksirei

Miaka ile ya kupanga foleni kwa sukari na sabuni, chakula cha kuku hakikuwepo madukani. Mitetea wangu walikula pumba tupu. Tena niliwafungia stoo tangu wakiwa vifaranga, maana mwewe wa Babati hawana adabu.

Wakaanza kuchechemea, miguu imepinda. Mume wangu alifurahi kimya kimya. Kipaimara cha binti yetu kilikuwa baada ya mavuno.

"Mama watoto, hawa ni wa sufuria. Wamevunjika."

"Hawa ni wa mayai. Rudisha kisu."

Bwana mifugo akaja, akapapasa miguu, akashindwa kujua. Kama mifupa imevunjika, basi, sufuria. Kama ni laini tu, kuku bado wanakua, watapona. Alikuwa na rafiki yake anayepiga eksirei hospitalini. Akasema tumpelekee mtetea wangu mmoja, na mmoja wa jirani anayezurura nje, tulinganishe.

Tukakaa kwenye benchi na kapu letu. Mzee mmoja akachungulia.

"Mama, na huyu kaja kupima mimba?"

"Shikamoo, mzee. Angalia zamu yako isipite."

"Marahaba," akasema, na benchi zima likacheka.

Mpiga picha alikuwa na filamu moja tu iliyopitwa na wakati, haifai kwa mgonjwa. "Wakitikisika imeharibika, na sina nyingine," akasema, akaanza kutafuta kamba.

Nikamwambia kamba aiache. Nilimkunja mtetea wangu kichwa chini ya bawa, nikambembeza taratibu, kama tulivyofanya nyumbani kwa mama tukihamisha kuku anayeatamia. Akalala. Wa jirani naye vivyo hivyo. Nikawalaza pamoja mezani.

"Wamekufa?" mpiga picha akanong'ona.

"Piga picha yako."

Ilipokauka akaiinua dirishani. Mguu wa kuku wa jirani ulikuwa mweupe kama chaki. Wa kwangu ulififia kama moshi, umepinda, lakini ufa hakuna popote.

"Ni laini tu, mama!" bwana mifugo akasema. "Wape jua na mifupa ya kusaga."

Basi nikawatoa juani, nikakaa nao na fimbo ya kufukuzia mwewe. Mifupa niliichoma, nikaitwanga. Na yule mwenye kisu ndiye aliyezunguka kwa majirani na ndoo akiomba mifupa, mpaka wakamwita fisi.

Siku ya kipaimara mitetea walitembea uani. Miguu haikunyooka kama rula, lakini ilikaza, na mmoja alikuwa ameanza kutaga. Shemeji yangu akawatazama, akatazama sahani yake.

"Kaka, kuku wote hawa, na sisi tunakula perege?"

"Hao wana picha hospitali," mume wangu akajibu. "Hawaliwi."

Mimi nikapita na beseni nikikusanya mifupa ya samaki. Mbwa hakutupiwa hata mmoja.