Macho Mekundu ya Bibi Jirani

Asubuhi ile niliondoka Kolandoto bila kujua niendako. Jana yake, kisimani, nilikuwa nimetania kwamba bibi jirani yangu ana macho ya kichawi, ingawa nilijua yamekuwa mekundu kwa moshi wa samadi anayopikia. Kwetu neno hilo limewahi kufanya vikongwe wenye macho mekundu wakatwe mapanga. Ndani ya basi nikakumbuka kijitabu nilichowahi kuokota: Wayahudi hufundisha kwamba umbea huua watatu, anayesema, anayesikiliza na anayesemwa.

Niliposhuka Runzewe nikampigia mwenyekiti wetu wa kitongoji.

"Shikamoo. Yule bibi nilimsingizia."

"Unaniambia mimi? Waliokusikia ni wale wa kisimani! Rudi ukawaambie, kabla hawajamfikia."

Nikapata gesti.

"Utakaa siku ngapi, mgeni?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Hadi basi la alfajiri la kurudi Kolandoto."