Nilimfungia Mama Maji kwa Simu

Ninaandika bila jina kwa sababu ya wateja wangu, na kwa sababu mama alikuwa mtu wa heshima huko Kalamba, sitaki azungumzwe sokoni. Lakini kosa ni langu peke yangu. Nilimfungia mama yangu mzazi maji, mimi nikiwa Kitui na yeye Makueni, na tangu hapo sina amani.

Nianze na mtu niliyekuwa, mnielewe. Nina diploma ya umeme. Karo nilijilipia kwa kufyatua matofali, sikubebwa na mtu. Nikaenda Ghuba, nikafunga mitambo kwenye majumba ambayo wengi hapa wameyaona kwa picha tu. Niliporudi nilifungua duka Kitui mjini: mageti ya kufungua kwa simu, taa, kamera, pampu. Kuanzia Kwa Vonza hadi Mwingi, ukiona geti linajifungua lenyewe, uliza aliyeliweka ni nani. Kazi hiyo bado najivunia. Sitawadanganya.

Mama nilimjengea nyumba ya mawe na kumchimbia kisima kirefu. Juu ya mnara nikaweka tangi la lita elfu kumi. Shida ilikuwa moja. Kwetu mtu akija na mtungi hafukuzwi, na mama alikuwa akiwapa wote. Mimi nikifungua simu naona tangi limeshuka nusu, damu inachemka. Nilichimba mimi, wanakunywa wao.

Basi nikaenda nyumbani na Kilonzo, fundi wangu, tuweke vali ya umeme kwenye bomba la kushuka. Vali hiyo ingefunguka kwa simu yangu tu. Kilonzo akaiangalia, akakuna kichwa.

"Mkubwa, simu yako iko hapa na vali iko pale. Mbona amri iende kwanza kwa kompyuta ya kampuni huko ng'ambo, ndiyo irudi hapa uani?"

"Ndivyo mambo ya kisasa yanavyokwenda."

"Tuweke kompyuta ndogo hapa ndani ya nyumba, iongee na vali yenyewe. Intaneti ikipotea, kampuni ikifunga, maji yanatoka. Na hii koki ya mkono tuiache."

"Kilonzo, wewe ulisomea wapi?"

"Jua kali, mkubwa."

"Basi shika spana."

Koki ya mkono niliing'oa mwenyewe. Nikaziba mahali pake vizuri, hata alama hungeiona. Nikapanga maji yafunguke kila asubuhi saa kumi na mbili kwa dakika ishirini. Akitaka zaidi, mama anipigie. Ukutani nikaweka kamera yenye spika, niweze kumwona na kuongea naye. Alifurahia ile kamera. Alikuwa akiisalimia akipita.

Jumapili moja baada ya ibada nilifungua simu nikamwona Mama Mwende pale uani. Huyu ni jirani yetu, mjane, amelima na mama tangu sijazaliwa. Alikuwa na mtungi, na mama alikuwa akimjazia kutoka kwa beseni lake.

"Mwaitu, nani huyo tena?" nikamwita mama kwa spika.

Wote wawili walishtuka. Mama Mwende akawa anageuka geuka kutafuta mtu.

"Ni Mama Mwende," mama akasema. "Ni mtungi mmoja tu, na ni maji yangu ya asubuhi."

"Nimekuambia mara ngapi? Mkiendelea hivi nitafunga kabisa, mkose wote."

 Mama Mwende akainua mtungi wake, akarudisha maji yote kwenye beseni, polepole, bila kumwaga hata tone. Kisha akaangalia juu ukutani.

"Asante, mtoto wetu. Tumekusikia."

Nikazima simu. Nilikuwa na hasira, na nikaamua mama ndiye atakayepiga simu kwanza. Nilitaka aombe msamaha. Mama yangu, aniombe mimi msamaha.

Jumanne kampuni iliyotengeneza zile vali ilizima huduma ya vifaa vyake vya zamani. Kumbe walikuwa wametuma barua pepe zamani. Sikuzisoma, nilidhani ni matangazo. Asubuhi hiyo simu yangu haikunyamaza. Hoteli moja mjini geti halifunguki, wageni wamefungiwa ndani. Pasta mmoja gari lake liko ndani na ana mazishi. Nikakimbia huku na kule na bisibisi kama mtu wa kuzima moto.

Sasa hapa ndipo penye ungamo langu. Watu wa nyumbani wanadhani sikujua. Nilijua.

Kama saa nne nilikuwa ndani ya gari nje ya ile hoteli, nikakumbuka vali ya mama. Nilijua kwamba vali ile isipopata amri inabaki imefungwa. Nilijua koki hakuna. Simu ilikuwa mkononi. Nikajiambia, ngoja. Kiu itamfundisha. Atapiga, atasema pole, na nitamtuma Kilonzo.

Hakupiga. Jioni Kilonzo akaniuliza, "Na kwa mama kukoje?"

"Kuko sawa."

"Kesho naweza kurauka na pikipiki, mchana nimerudi."

"Nimesema kuko sawa."

Jumatano hakupiga pia. Nikamwambia mke wangu, huyu mzee ana kiburi. Mke wangu akaniangalia, akasema, "Mpigie wewe basi." Nikatoka nje.

Alhamisi mchana simu ikalia. Ilikuwa namba ya Mama Mwende.

"Mtoto wetu, uko wapi? Njoo. Mama yako tumemtoa mtoni."

Mnajua mito yetu wakati wa kiangazi. Ni mchanga mtupu, unachimba shimo hadi maji yatokee, unachota kwa kikombe. Mama alikuwa na zaidi ya miaka sabini, na shimo alilokuta lilikuwa refu kumzidi kifua. Ukingo uliporomoka akiwa ndani. Mama Mwende ndiye aliyeuona mtungi umesimama peke yake juu ya mchanga. Walimfukua kwa mikono na sufuria. Alifia njiani kupelekwa hospitali, kabla sijafika.

Majirani mama hakuwaendea kuomba maji. Angewaendeaje, na tangu Jumapili alikuwa akiwarudisha getini kwa amri yangu?

Siku za matanga wanawake walileta maji ya kupikia waombolezaji. Waliyatoa mtoni kwa migongo, wakapita chini ya mnara wenye tangi lililojaa hadi juu. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Mwende. Kilonzo hakuvumilia. Alikata bomba, akafunga koki ya mkono. Ilimchukua muda wa mtu kunywa chai. Maji yalitoka kwa nguvu hadi yakachimba udongo, na hakuna mama hata mmoja aliyesogeza mtungi. Walisimama tu wakiyaangalia.

Ningekuwa nimeishia hapo, labda ningepona. Lakini kamera ile ilikuwa na kadi ya kuhifadhi picha ndani yake. Kampuni ilizima kila kitu, ila kamera iliendelea kurekodi kwenye kadi kila mtu aliposogea mbele yake. Baada ya mazishi niliichomoa nikaiweka kwenye kompyuta.

Jumanne, mama amekaa kwenye kibao, beseni chini ya bomba, anangoja. Anainuka, anagonga bomba kwa mwiko, anasikiliza. Anatazama juu kwenye tangi. Alijua limejaa.

Jumatano anakuja karibu na kamera. Anafungua kitambaa cha kichwa, anakifunga upya, kama mtu anayetaka kuongea na mgeni. Anasema kwa Kikamba:

"Mwana wakwa, najua unaniona. Mama Mwende sijampa tena. Nimewakataza wote. Fungua kidogo tu, ya ng'ombe. Mimi nitavumilia."

Kisha anangoja nimjibu. Anasimama wima kabisa, macho kwenye kamera, hasogei. Na kwa kuwa hasogei, kamera inajizima.

Nimehesabu, kuna vipande vinne vya namna hiyo. Anasema, anangoja, kamera inajizima. Hakunipigia simu kwa sababu kwake huko ndiko kulikuwa kuongea nami. Alidhani nimemfungia maji kumwadhibu. Na nikimsikiliza vizuri siwezi kusema alikosea.

Cha mwisho ni cha Alhamisi asubuhi. Ana mtungi na kikombe. Anaangalia ukutani, anasema, "Haya, naenda mtoni. Usikasirike."

Siku hizi nikifunga kamera kwa mteja, nikiijaribu na kuona ukuta mtupu, nasubiri mtu afunge kitambaa. Nabaki pale juu hadi Kilonzo ananishusha, anapanda yeye. Vifaa vyote tumebadilisha, kila nyumba ina kompyuta yake ndogo ndani, na hatuondoki kabla hatujazima intaneti mbele ya mwenye nyumba na kujaribu kila kitu. Kazi ni safi. Mama hayuko.

Ewe uliye ng'ambo au mjini unayewawekea wazee vifaa, usikabidhi maji yao, mlango wao wala taa yao kwa kampuni ambayo hujui italala lini. Waachie koki ya mkono. Waachie swichi ukutani, na waache wampe wanayetaka kumpa. Na kama mmekosana na mama yako, usingoje yeye aanze. Vifaa vyangu vyote vilikufa Jumanne ile, lakini simu ya kawaida ilikuwa ikifanya kazi siku zote tatu.