Katoto Hakuwa Mtoto

Siku moja ya masika, mwanangu, naikumbuka kwa hasira mpaka leo. Nilikuwa msichana kwetu Lubondja. Baba alirudi kutoka Baraka, mji wa kando ya ziwa, akivuta punda aliyemfika kiunoni tu, aliyevushwa ziwa kwa boti. Sisi watu wa mbuzi na mihogo hatukujua lolote kuhusu punda.

"Iko mutoto," baba akasema. "Tumulishe, atakomaa, atabeba mihogo."

Tukamwita Katoto. Nilimpenda, usinicheke. Kila nilipokwenda mtoni alinifuata. Baba naye akamlisha mahindi asubuhi na jioni, mahindi ambayo sisi wenyewe tuliyatamani, ili akue upesi. Hakukua. Alinenepa shingo tu.

Akapita mzee mmoja mfugaji, akishuka na ng'ombe zake kutoka milima ya Minembwe. Akamfunua Katoto mdomo, akatikisa kichwa.

"Baba, huyu haiko mutoto. Angalia meno, alishakomaa zamani. Kimo yake ndiyo hii. Mahindi itamuharibu miguu, mumupe majani makavu."

"We unakuja kunifundisha kwa nyumba yangu?" baba akamjibu. Mzee akawafuata ng'ombe zake.

Haukupita muda, kwato za Katoto zikawa za moto ukizigusa. Akawa anasimama ameegemea nyuma, hataki hatua. Punda halii ovyo kama mbuzi, mwanangu, maumivu yake huyameza. Baba akaona ni ukaidi, akashika fimbo. "Asante ya punda ni mateke!" akawa anasema huku anampiga. Katoto hakurusha teke hata moja. Alilala, hakuamka tena, na baba hakuniambia hata pole.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo! Kwetu aliyekataa kusikia alibaki na miguu yake mizima. Iliyoharibika ni ya yule asiyeweza kusema.

Sasa nasikia umenunua punda wawili wafupi. Usiwatenganishe. Wape majani makavu na maji safi, na kwato zikirefuka zikatwe. Punda akigoma kutembea, weka fimbo chini, mshike mguu kwanza. Na mtu akikukosoa mbele ya watoto wako, msikilize hata kama inakuuma.

Mungu akubariki, mwanangu, akupe mkono mpole. Asife kiumbe yeyote kwako akingoja ukubali kwamba umekosea.