Mafuta ya Malaika

Ni mimi niliyempaka mafuta yule malaika. Kwa zaidi ya miaka arobaini nimesema si mimi. Nilimwambia padri, nikamwambia mama, nikamwambia hata mume wangu, ambaye hakuwa ameniuliza.

Kanisa letu la Kibirichia lilinuka nta, mbao na makoti yaliyolowa ukungu. Ukutani, juu ya beseni la ubatizo, kilikaa kichwa cha mtoto cha marumaru nyeupe, mashavu yametuna kama ya mtu anayepuliza moto, na chini ya kidevu mabawa mawili mafupi. Basi. Hakuwa na shingo wala tumbo. Padri, mzee wa Kiitaliano, alimleta kutoka kanisa la kijijini kwao lililobomolewa. Alisema alichongwa karne tatu zilizopita, zama za Baroko, wakati mafundi wa kwao hawakuweza kuona ukuta mtupu wakauacha.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alifanya kazi Embu, amepanga chumba mtaa wa Majimbo, na alikuja mwisho wa mwezi, miezi mingine asije. Niliishi na nyanya, ambaye maneno yake mengi aliwapa mbuzi. Jumamosi wenzangu walipokuwa wakivuna viazi na mama zao, mimi nilimsaidia Shangazi Gacheri kufagia kanisa. Hakuwa shangazi wa damu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, aliyeshika ufunguo wa kanisa na kusema machache. Akienda kuteka maji, nilibaki na malaika. Nilimpa habari za mama, nyingi za kutunga.

Sasa, kwenye baridi ile yetu, mtoto mwenye uso mkavu ni aibu ya ukoo mzima. Watu humtazama wakauliza kama ana wenyewe. Na huyu alikuwa amepauka kabisa. Nikapanda benchi na mkebe wa mafuta ya kujipaka ambao mama aliniletea, nikamsugua mashavu mpaka yakang'aa. Ikawa kila Jumamosi. Nilijipunja mimi ili yamtoshe.

Hakuna aliyeniambia kwamba marumaru hunywa mafuta. Kufikia Pasaka malaika mzima alikuwa wa manjano kama mgonjwa wa ini, vumbi limemganda. Padri alituita sote wawili.

"Gacheri, ufunguo ni wako. Nani amemfanya hivi?"

Shangazi alitazama sakafu. Padri akanigeukia.

"Na wewe, umemgusa?"

"Hapana, Padri."

Gacheri aliweka ufunguo juu ya benchi, akatoka. Baada ya wiki tulisikia yuko Timau, anapalilia mashamba ya watu. Jumamosi zilizofuata nilifagia peke yangu, nikimpa malaika mgongo.

Baadaye chuo kikuu niliandika kurasa ishirini kuhusu malaika wa namna hiyo, nikasifiwa kwa uchunguzi wangu makini. Mafuta sikuyataja. Malaika bado yuko pale, na waumini wapya hudhani manjano ndiyo rangi yake. Kanisa sasa lina taa za umeme na kwaya yenye kinanda. Mimi nina nyumba yenye vyumba vinne na watoto wawili ng'ambo. Huwaona kwenye simu, mashavu yamepauka kwa baridi, nami siwezi kuwafikia.

Mwezi uliopita mpwa wake Gacheri alinipa namba ya simu ya shangazi yake huyo. Nilizunguka meza mara tatu ndipo nikapiga.

"Shangazi, ni mimi niliyempaka. Uliondoka kwa kosa langu."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe, na kimo kile, ulikuwa unafika wapi?"

"Mashavuni."

"Na mabawa je? Na utosi? Umesoma mpaka wapi, msichana, na hujawahi kujiuliza?" Akavuta pumzi. "Ukishaenda kwenu nilikuwa nafunga mlango, nampaka mimi. Nilidhani mashavu yanang'aa vile kwa uzuri wa mkono wangu."

Nilivuta kiti, nikaketi.

"Na ulikuwa pale pale kila Jumamosi," akasema. "Ungeniambia, tungempaka pamoja."