Nyumba Tisa za Ng'ambo ya Bonde

Nnaikumbuka asubuhi ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso hunishuka. Ilikuwa miaka ya tisini. Mie kijana, karani mpya katika ofisi moja hapa Maskati, nimetumwa kuandika watu wa bonde moja, mbele ya Qurayyat. Bonde lenyewe wilaya mbili zikiligombania, na mpaka bado haujachorwa. Mkubwa wangu aliniambia, "Ingia kila nyumba. Atakayeandikwa ndiye atakayepelekewa maji."

Kazi ilikuwa ya siku tatu, nami nikaimaliza kwa asubuhi moja. Nilikaribishwa kwenye sabla, baraza ya wanaume, kwa tende na kahawa. Huku Oman, usipokitikisa kikombe utaendelea kumiminiwa, na mie sikukitikisa. Wazee wakitaja nyumba, naandika. Nikauliza zile nyumba tisa za wafuga mbuzi, nilizoziona ng'ambo ya bonde.

"Wale si wetu," akajibu mmoja. "Ni wa wilaya ya pili."

Kuvuka ni dakika kumi kwa miguu. Lakini jua kali, na viatu vyangu vipya! Mchumia juani hula kivulini. Mie nilianza na kivuli. Nikaandika: hakuna wakaazi. Kumbe karani wa wilaya ya pili naye aliambiwa vilevile, akaandika vilevile.

Kiangazi kilipopamba moto, mzee mmoja wa ng'ambo ile, jina lake Khamis, alinijia ofisini.

"Mwanangu, lori la maji linatupita tu. Dereva anasema hatumo katika orodha. Si weye uliyekuja? Tuliiona gari yako. Wanawake walikupikia, tukakungoja mpaka alasiri."

Wallahi, ningemwambia kweli siku ile, leo ningelala vizuri. Nikamwambia, "Ni mambo ya mpaka, mzee." Akanishukuru, akaenda zake.

Nyumbani kwetu Ansab nikamsimulia mama, tena kwa kucheka. Mama hakucheka.

"Ali, tulipotoka Unguja tukasimama kwenye dirisha la uhamiaji hapa Maskati na karatasi zetu, tuliambiwaje?"

Tuliambiwa, "Nyie si wetu." Nilikuwa mtoto mdogo, nimemshika mama baibui, nikamwona anavyolia.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," akasema. "Weye ulikuwa maiti, mwanangu, na umesahau. Nenda ukavuke."

Kesho yake nikakiri kwa mkubwa wangu, nikarudi bondeni, nikavuka kwa miguu. Nyumba nne zilikuwa tupu, milango imeachwa wazi. Walihama kutafuta maji, na hakuna aliyejua wameelekea wapi. Ya mzee Khamis ilikuwa mojawapo. Nikaziandika tano zilizobaki. Nimemtafuta miaka, sikumpata.

Sasa nasikia nawe umepata kazi ya kuandika watu. Basi sikiliza. Usimwandike mtu kwa mdomo wa jirani yake, hata jirani awe sheikh. Kahawa kunywa, ni heshima ya watu, lakini kitikise kikombe mapema uondoke. Ukikosea, sema siku ileile, mwenyewe angali mbele yako. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea mpaka kaota ndevu.

Mwenyezi Mungu akupe miguu isiyochoka kuvuka na kalamu isiyomdhulumu mtu. Na popote utakapowakuta watu wa mzee Khamis, waandike kwanza, kisha uniombee radhi.