Nywele za Katibu

Gaudiosa alikuwa na mbwa wawili ndani ya nyumba, ghorofa ya sita, Bredäng, pembeni mwa Stockholm, na hilo peke yake lilitosha kumharibia jina. Aliachiwa na bibi mmoja wa Kiswidi, jirani yake, alipohamia kwenye nyumba ya wazee. Yule mfupi mwenye tumbo la kufagia sakafu alimwita Posta, maana ukimwita leo atafika kesho. Yule mweusi mwenye manyoya ya kujisokota alimwita Katibu, kwa kuwa wageni wakija alikaa katikati yao akisikiliza yasiyomhusu.

Mwenyewe alitoka Bukoba mwaka 1966 kusomea uuguzi. Masomo yakamshinda, au yeye akayashinda, inategemea unamwuliza nani. Sasa alikuwa anafua mashuka ya hospitali. Jumamosi alisuka. Wakati ule Stockholm nzima humpati mtu wa kukusuka. Saluni walizishika nywele zetu kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kitu asichojua kama kiko hai. Basi Watanzania, Wakenya, hata dada mmoja wa Bukavu, walikuja jikoni kwa Gaudiosa, wakaketi sakafuni kati ya magoti yake, wakasema Kiswahili cha wiki nzima kwa mchana mmoja. Hakuwa na mume wala mtoto. Jumamosi ndiyo ilikuwa ukoo wake.

Jioni za siku nyingine alitengeneza wachawi.

Usikimbie kwanza. Waswidi hawa, ambao wamisionari wao walivuka bahari kuja kutuambia tutupe hirizi, wao wenyewe wiki ya mateso ya Bwana hutundika madirishani vibibi vichawi vilivyopanda fagio. Watoto hujipaka mashavu rangi wakaenda mlango kwa mlango kuomba peremende. Alhamisi Kuu, wanasema, wachawi huruka kwenda kwa shetani. Wanasema hivyo huku wakimimina kahawa. Gaudiosa aliviona vibibi hivyo akavipenda, ila akaona vimeshonwa ovyo. Akaanza vya kwake: mwili wa mashuka yaliyochakaa, fagio la vijiti vya kuokota kando ya ziwa Mälaren. Kwenye basari, gulio la hisani la kanisa la mtaani, watu walivigombania.

Mwaka 1972 akavipa nywele. Alikuwa amempunguza Katibu manyoya, jikoni kumejaa vishungi vyeusi, akajaribu kushona kimoja kwenye kichwa cha kibibi. Kibibi kikaonekana kama kinataka kusema jambo. Akavishonea vyote, akavipanga dirishani.

Jumamosi hiyo wa kwanza kuingia alikuwa rafiki yake mkubwa, Truphosa, Mkenya wa mtaa wa Tensta, tunayemwita Mama Akeyo kwa jina la bintiye mchanga. Alitazama dirishani. Vibibi vyote vina kipilipili, sawasawa na kile kinachobaki kwenye kitana kila Jumamosi. Na kwao kama kwetu, nywele za kwenye kitana huchomwa au hufukiwa, maana aliye nazo anakushika wewe mzima. Maghorofani hakuna pa kuchomea wala pa kufukia, na miaka yote ile hakuna aliyemwuliza Gaudiosa anazipeleka wapi.

Truphosa hakuuliza hata siku hiyo. Alisema amesahau sufuria jikoni kwake, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu.

Dada wa Bukavu ndiye aliyempigia simu akamweleza kinachosemwa: kwamba anawashonea wachawi wake nywele za wateja. Gaudiosa alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaendelea kujifuta baada ya kicheko kuisha. Jumamosi nyingine akajaribu kuongea na mbwa. Katibu alisikiliza vizuri, lakini hakuwa na habari za Kisumu.

Jumamosi Kuu kengele ya mlango ikalia. Truphosa alisimama kizingitini na koti lake, kichwa amekifunga kitambaa. Kesho yake Akeyo alikuwa anabatizwa, na picha zingepigwa.

"Dada, nywele zangu ziko wapi?"

"Kwenye bomba la taka, Mama Akeyo. Zinashuka pamoja na maganda ya viazi ya Waswidi."

"Na hizo za dirishani?"

Gaudiosa alimpa mkasi, akamwita Katibu.

Truphosa hakuwahi kumgusa mbwa maishani mwake. Alimshika sikio kwa ncha za vidole, akakata kishungi, akakilinganisha na cha kibibi. Kisha akavuta unywele wake mmoja kutoka chini ya kitambaa, akalinganisha vyote vitatu karibu na dirisha, polepole.

"Za kwake laini kuliko zangu," akasema mwishowe.

"Yeye namwosha mimi. Wewe unajiosha mwenyewe."

Truphosa akavua koti, akaketi sakafuni. Walipomaliza, alikusanya mwenyewe nywele za kwenye kitana, akazifunga kwenye karatasi bila kumtazama rafiki yake. Gaudiosa alimshikia mkoba wazi azitie. Angeweza kukasirika, haki alikuwa nayo. Lakini haki haiji kuketi jikoni kwako ikakusimulia nani kaolewa. Wengine nao walirudi mmoja mmoja, kila mtu na karatasi yake.

Mwaka uliofuata vibibi vilikuwa na nywele za uzi mwekundu wa sufu. Mama mmoja kwenye basari alikigeuzageuza kimoja, akasema vya mwaka jana vilikuwa na uhai zaidi. Akauliza zile nywele zimekwenda wapi. Gaudiosa akamwambia mbwa amezeeka, hazioti tena. Katibu alikuwa amelala chini ya meza, manyoya yamemfunika mpaka macho hayaonekani.